Anza na a: kutambua fonti katika maandishi ya Kiswahili

Anayetaka kujua maandishi ya Kiswahili yamechapwa kwa fonti gani, yaani kwa mtindo gani wa umbo la herufi, aanze na a ndogo. Herufi hiyo ataikuta karibu katika kila neno, na kila mchora fonti huiumba kwa namna yake. Jambo hili nimelijua kwa kazi, wala sikulisoma darasani. Nimekaa miaka mingi katika duka la steshenari hapa Dodoma, si mbali na Jamatini, ambako mteja huingia na karatasi mkononi akasema: "Dada, nataka itoke hivi hivi." Karatasi yenyewe huwa ni kadi ya mchango wa harusi aliyoipenda kwa jirani, au kichwa cha barua cha kikundi cha akina mama ambacho faili lake lilipotea pamoja na kompyuta, au tangazo la zamani la shule ambalo mwalimu mkuu mpya anataka libaki na sura ileile. Mteja hajui jina la fonti na wala halazimiki kulijua. Anachojua ni kwamba nikimpa nyingine ataona tofauti, hata kama hawezi kueleza tofauti hiyo iko wapi.

Maelezo ya kigeni kuhusu kutambua fonti yana manufaa, lakini mengi yake humpeleka msomaji kwanza kwenye herufi kubwa ya Q, kwa sababu mkia wake hutofautiana sana kati ya fonti moja na nyingine. Sisi Q hatuna. Kiswahili sanifu hakitumii q wala x, na c haionekani ila ikiwa imeshikana na h. Ukiipokea barua ya kurasa mbili kutoka kata yoyote ya hapa kwetu, utaitafuta Q mpaka jioni usiione, labda katika jina la mtu. Kwa hiyo nililazimika kujipangia orodha yangu ya mashahidi: a, k, g, j, u, y na t katika herufi ndogo; R, G, M na J katika herufi kubwa; na tarakimu zote, kwa kuwa barua zetu hazikosi tarehe na namba.

Aliyenielekeza huko ni mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, enzi za herufi za risasi. Alikuwa akija dukani kutoa kopi za karatasi za pensheni, nami nikimwamkia na kumpa kiti, hukaa akazungumza. Alinieleza kwamba vipande vile vilikuwa vya mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, kwamba sura ya herufi ilichongwa kinyume kama inavyoonekana kwenye kioo, na kwamba ubavuni mwa kila kipande kulikuwa na mikato iliyomsaidia mpangaji kujua, hata kwa kidole, kama kipande cha fonti nyingine kimejipenyeza kwenye mstari wake. Akasema herufi zilikuja zimehesabiwa kwa mahitaji ya Kiingereza, hivyo wanapopanga kitabu cha Kiswahili a ilikuwa ikiisha kwanza, kisha k, ilhali q na x zimekaa kwenye visanduku vyake zinang'aa. "Mwanangu," aliniambia, "ukitaka kumjua mtu mtazame mahali anapopita kila siku." Tangu hapo nimekuwa nikiitazama a.

Tuichukue basi. Katika Times New Roman a ina kichwa kinachopinda na kuishia kwa tone dogo upande wa kushoto, tumbo dogo chini yake, na mkia mfupi unaokaa kwenye mstari. Katika Arial haina tone, na nguzo yake ya kulia hushuka ikakatika bila mkia wa maana. Katika Helvetica nguzo hiyohiyo hushuka na kupinda kidogo kwenda kulia, mkia mdogo ambao ukishauona mara moja hutauacha tena. Katika Futura na Century Gothic a haina kichwa kabisa. Ni duara na kijiti ubavuni, na ndiyo maana kadi za harusi zilizochapwa kwa fonti hizo huonekana nyepesi na zenye hewa. Hizo mbili za mwisho nazo huachana haraka ukishajua pa kutazama. Futura, aliyoichora Paul Renner na kutolewa Ujerumani mwaka 1927, ina herufi ndogo za kimo kifupi na nguzo ndefu, hivyo katika neno "mwaliko" l na k hupaa juu sana kuliko jirani zake; u yake haina kijiti upande wa kulia, ni kama U kubwa iliyopunguzwa, na j yake ni mstari mnyoofu wenye nukta bila ndoano. Century Gothic ina matumbo makubwa, na u yake ina kijiti chake.

Mtihani mkubwa kuliko yote kwa mtu wa kazi hii ni kutenganisha Arial na Helvetica, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza kutazama ncha za herufi badala ya sura ya ukurasa. Helvetica ilitoka Uswisi mwaka 1957 katika kiwanda cha Haas, ikichorwa na Max Miedinger chini ya uongozi wa Eduard Hoffmann, na jina lake la kwanza lilikuwa Neue Haas Grotesk. Jina la Helvetica lilikuja mwaka 1960. Arial ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype kwa ajili ya printa za leza za IBM, kisha mwaka 1992 ikaingia katika Windows 3.1 pamoja na Times New Roman, na tangu hapo imo karibu katika kila kompyuta inayotumia Windows. Upana wa kila herufi ya Arial ulilinganishwa kwa makusudi na upana wa herufi ya Helvetica, ili waraka uliopangwa kwa moja usivunjike ukichapwa kwa nyingine. Maana yake ni kwamba urefu wa mistari hautakusaidia. Ukiichapa sentensi moja kwa fonti zote mbili kwa ukubwa mmoja na kuzishika karatasi hizo pamoja dirishani, jua la Dodoma likipita nyuma yake, mistari italala juu ya mwenzake sawasawa, na macho yatakuambia kwamba ni fonti moja.

Sasa tazama maneno ambayo kila Mtanzania ameyaona juu ya karatasi rasmi: JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA. Kwa bahati njema yana R moja na G moja, na hizo zinatosha. Mguu wa R ya Helvetica hushuka karibu wima, ukiwa na mpindo laini juu na kidole kidogo chini; mguu wa R ya Arial hutoka tumboni ukaenda mshazari moja kwa moja hadi kwenye mstari. G ya Helvetica ina nguzo upande wa kulia inayofika chini na kuacha kijiguu. G ya Arial haina kijiguu hicho, mpindo wa chini huungana na nguzo ukaishia hapo. Kama karatasi haina R wala G kubwa, neno "Mtumba" litafanya kazi hiyo, na siku hizi halikosekani katika anwani za mji wa serikali. Kichwa cha t ya Helvetica kimekatwa bapa, sambamba na mstari, na cha Arial kimekatwa mshazari; halafu a ya mwisho inathibitisha kwa mkia wake au kwa kukosa mkia. Tarakimu ya 1 pia hushuhudia, kwa sababu bendera yake katika Helvetica hukatwa kwa pembe mraba na katika Arial huteremka mshazari. Na s, ambayo ncha zake katika Helvetica hulala sambamba na mstari, katika Arial zimekatwa kwa pembe. Mtu akishaona kwamba Helvetica hupenda kukata kila ncha bapa au wima, hahitaji tena kukariri herufi moja moja.

Upande wa fonti zenye serifu, yaani zile zenye vijistari vidogo kwenye ncha za herufi, shahidi wangu mkuu ni g. Nina neno moja la hapahapa ninalolipenda kwa kazi hii, nalo ni Ng'ong'ona, eneo lililo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Lina g mbili, a moja na kibainishi mara mbili. Ni vigumu kupata neno fupi lenye ushahidi mwingi zaidi. G ndogo ya Times New Roman ina ghorofa mbili, tumbo juu na kitanzi kilichofungwa chini, na sikio dogo begani. Ya Baskerville ina ghorofa mbili pia, lakini kitanzi cha chini hakikufungwa, kuna mwanya upande wa kushoto. Ya Arial ina tumbo moja na mkia uliopinda. Calibri, ingawa haina serifu, imechorwa na g ya ghorofa mbili, na hilo pamoja na ncha zake zilizoviringwa huitenga haraka na kundi la akina Arial. Kibainishi nacho hukuambia jambo: kikiwa kijistari kilichosimama wima, huenda maneno yaliandikwa kwenye simu yakabandikwa kwenye waraka, kikiwa kimepinda kama mkato ulioinuliwa, huenda yalichapwa kwenye programu inayokigeuza yenyewe. Nimekuta barua yenye aina zote mbili katika aya moja, nikajua kabla ya kuambiwa kwamba aya ile iliunganishwa kutoka sehemu mbili.

Kuna jina jingine la Dodoma ambalo limenifundisha kuheshimu fonti zilizochorwa kwa ajili ya kusomeka. Andika Ilazo kwa Arial. I kubwa na l ndogo husimama pamoja kama vijiti viwili pacha, na mgeni asiyeujua mtaa huo anaweza kusoma herufi ya kwanza kuwa l na ya pili kuwa I, au akadhani ameona namba 11. Andika neno hilohilo kwa Verdana, ambayo Matthew Carter aliichora kwa ajili ya skrini na Microsoft ikaitoa mwaka 1996, na I kubwa itapata kijistari juu na chini, ikajitenga kabisa na l. J kubwa ya Verdana nayo ina kijistari juu upande wa kushoto, na 1 ina kitako. Hizi ni alama za kuitambua, na kwa vibao vya anwani, fomu na namba za mitihani ni msaada wa kweli. Mteja akiniachia uchaguzi wa fonti ya fomu yenye majina kama Ilazo, Ipagala na Iyumbu, simpi fonti yenye vijiti pacha.

Karatasi zinazoletwa dukani kwa kawaida ni kopi ya kopi, na hapo kanuni nyingi za vitabuni hudhoofika. Kila kopi hunenepesha wino kidogo. Mianya hujifunga, kuanzia na jicho la e, hasa katika Garamond ambayo jicho hilo ni dogo tangu kuchorwa. Mistari myembamba nayo hupotea, ndiyo maana Bodoni, ambayo uzuri wake wote umo katika kupishana kwa mistari minene na myembamba sana, baada ya kopi kadhaa hubaki nguzo tupu. Vumbi la kiangazi kwenye kioo cha mashine huongeza nukta pasipo na nukta, na i huzaa ndugu. Kwa hiyo simwamini mtu anayetambua fonti kwa unene wa wino. Ninachotazama ni kiungo: mguu wa k unatokea wapi? Katika Arial na Helvetica mguu wa chini huchipuka kutoka katika mkono wa juu, na katika Futura vyote viwili hukutana kwenye nguzo. Kopi ikichakaa vipi, kiungo hakihami. Picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp ina tatizo jingine, kwamba karatasi ikishikwa mshazari O ya duara huwa yai, na mtu anaweza kuikana Futura iliyo mbele ya macho yake. Katika neno DODOMA lililoandikwa kwa herufi kubwa hilo ni tatizo la kweli, kwa sababu O na D ndizo karibu ushahidi wote uliopo, pamoja na M ambayo katika Futura miguu yake imetanuka. Mimi huomba karatasi yenyewe, niiskani kwa nukta 600 kwa inchi, niinyooshe, ndipo nitazame.

Wengine huuliza kwa nini nisisome tu jina la fonti lililoandikwa juu ya ukurasa katika kompyuta, mteja anapoleta faili kwenye flashi. Jina lile linaeleza fonti iliyoombwa na waraka, na si lazima iwe ndiyo inayoonekana. Kompyuta isipokuwa nayo huweka nyingine mahali pake kimya kimya. Mwanafunzi aliyeandika ripoti yake kwa Times New Roman akiifungua katika programu ya LibreOffice kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, huenda anatazama Liberation Serif, ambayo ni ya familia iliyotolewa na kampuni ya Red Hat mwaka 2007 ikiwa na upana uleule wa herufi, ili mistari na kurasa zisihame. Jina kwenye kisanduku litabaki Times New Roman. Vivyo hivyo Calibri inapokosekana huwekwa Carlito, iliyotokana na fonti ya Lato. Wanafunzi wanaokuja kuprinti tasnifu usiku wa mwisho kabla ya kuikabidhi hunishangaa ninapowaambia, kabla sijagusa kipanya, kwamba fonti yao si ile wanayodhani. Vyuo vingi hutaka Times New Roman ya ukubwa wa 12, na mhakiki mwenye macho huiona tofauti.

Kuna siku ndugu wawili waliniletea kopi ya barua ya toleo ya kiwanja, wakitaka niichape upya kwa kuwa imefifia. Niliwaambia kwanza kwamba barua ya toleo haichapwi upya dukani, hiyo ni kazi ya ofisi iliyoitoa. Nilipokuwa nikiitazama nikaona kwamba barua nzima ilikuwa ya Times New Roman, ambayo tarakimu zake kwa kawaida husimama zote kwenye mstari na kulingana kwa kimo. Katika namba ya kiwanja peke yake, 4 na 7 zilikuwa zimening'inia chini ya mstari, na 1 ilikuwa fupi kama herufi ndogo. Hiyo ndiyo tabia ya Georgia: 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka, 6 na 8 hupanda, na 0, 1 na 2 hubaki na kimo cha a. Niliwaonyesha kwa kidole, mkubwa wao akavaa miwani, akasema, "Kumbe, hizi zimekaa tofauti." Niliona ni wajibu wangu kusema pia kile ambacho umbo la herufi haliwezi kusema. Linaonyesha kwamba namba ile haikuchapwa kwa fonti ya maneno yaliyoizunguka. Nani aliiweka, lini na kwa nia gani, hilo halimo ndani ya 4 wala ndani ya 7. Yawezekana fomu ilichapwa mapema na nafasi ya namba ikajazwa baadaye kwa kompyuta nyingine ya ofisi ileile. Niliwashauri waende ofisi ya ardhi na karatasi halisi, si kopi.

Kwamba jambo dogo kama hili laweza kufika mbali, ulimwengu uliliona mwaka 2017 nchini Pakistan. Timu ya uchunguzi iliyoundwa kwa amri ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ikichunguza mali za familia ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Nawaz Sharif, ilitilia shaka hati zilizobeba tarehe ya Februari 2006 kwa sababu zilichapwa kwa Calibri. Fonti hiyo, kazi ya Mholanzi Lucas de Groot, iliwafikia watumiaji wa kawaida mwaka 2007 pamoja na Windows Vista na Office 2007. Upande wa pili ulijibu kwamba matoleo ya majaribio yalikuwepo kabla ya hapo, na ni kweli yalikuwepo. Nami huona mipaka ya ushahidi huu iko papo hapo: umbo linataja fonti, na fonti inataja mwaka ambao kabla yake isingekuwa rahisi kupatikana. Kwa hiyo miaka michache ni muhimu kuijua. Times New Roman ilianza kutumika katika gazeti la The Times la London mwaka 1932, Comic Sans ilichorwa na Vincent Connare mwaka 1994, na kuanzia mwaka 2023 Microsoft ilianza kuweka Aptos mahali pa Calibri kuwa fonti ya kwanza ya Word. Barua yenye Aptos na tarehe ya mwaka 2012 inastahili kuulizwa maswali.

Vibao vya maduka vilivyoandikwa kwa brashi vina utaratibu wao. Tafuta herufi moja iliyotokea mara mbili, kama a mbili za neno "bidhaa" au a za "Saluni ya Mama", uzilinganishe. Zikitofautiana hata kidogo, hiyo si fonti, ni mkono wa fundi, na hakuna kompyuta itakayokupa jina lake. Mteja akitaka herufi za kibao cha namna hiyo kwenye kadi yake, mimi humpiga picha yule fundi akiwa kazini, au nikamwelekeza mteja kwake.

Kwa vijana ninaowafundisha kazi sasa, nimebandika ukutani juu ya printa mstari mmoja uliochapwa kwa fonti zote tunazokutana nazo mara kwa mara, kila fonti na jina lake: "Mjumbe wa Ng'ong'ona aligonga barua ya mkazi wa Ilazo, JAMHURI YA MUUNGANO, kiwanja Na. 1479, Mtumba 2006." Mstari huo una karibu kila shahidi niliyemtaja. Mteja akiingia na karatasi yake, kijana huiweka chini ya mstari, hushuka nayo fonti moja hadi nyingine akianza na a, na akibaki na mbili zinazofanana huenda moja kwa moja kwenye R na G.